Mshahara wa Mwezi, Gharama za Mwaka: Kabla Hujaihamishia Familia Dubai

(Maelezo niliyoyatoa Dar es Salaam mbele ya wataalamu waliopata ofa za kazi Ghuba, pamoja na wenzi wao. Nimeyaandika karibu na nilivyoyasema. Hesabu nilizofanya ubaoni nimeziingiza mahali pake.)

Kina dada na kina kaka, wazee wangu mliowasindikiza vijana wenu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mishahara ya Dubai. Nitaomba ruhusa nipunguze mada kidogo: nitazungumzia mshahara wa Dubai kwa mtu mwenye mwenzi na watoto. Kijana anayeweza kupanga kitanda kwenye chumba kimoja na wenzake wanne kule Deira, hesabu yake ni nyingine, tena nyepesi. Anakula, anatuma nyumbani, baada ya miaka michache ana kiwanja Kigamboni. Hadithi nyingi za mitaani za "fulani alikwenda Dubai akajenga" ni za huyo. Baba au mama wa watoto wawili akimchukua kijana huyo kuwa kipimo chake, atapotea kabla hajapanda ndege.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu hapa ameshalifanya, msinikatalie. Ofa imeingia kwenye barua pepe, imeandikwa dirham 12,000 kwa mwezi. Hata hujaisoma yote umeshafungua kikokotoo cha simu, umezidisha kwa shilingi. Kwa dola ya shilingi 2,500, dirham moja ni kama shilingi 680, kwa hiyo 12,000 ni zaidi ya milioni nane. Milioni nane kila mwezi! Na kodi ya mshahara hakuna. Usiku huo usingizi hauji.

Kodi hakuna, hilo ni kweli, na si jambo dogo. Mtu anayelipwa milioni tatu hapa, NSSF inachukua laki tatu yake, kwenye hizo 2,700,000 zinazobaki TRA inachukua 638,000. Anafika nyumbani na kama 2,062,000. Akiwa ni mhitimu anayedaiwa na Bodi ya Mikopo, kuna asilimia 15 nyingine ya mshahara wa msingi inayokwenda huko. (Na deni la Bodi halifutiki kwa sababu umepanda ndege, hilo niliseme mapema.) Kwa hiyo simlaumu anayeruka kwa furaha akiona milioni nane isiyokatwa.

Kasoro ya hesabu hiyo ya simu ni mbili. Ya kwanza ni shilingi yenyewe. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725, haisogei. Shilingi yetu inasogea: mwaka 2024 dola ilipanda kupita 2,700, na kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi karibu 2,400. Mshahara uleule, kazi ileile, na hesabu ya simu inakupa majibu mawili yanayotofautiana kwa karibu milioni. Ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo iliyonileta hapa. Mshahara wa kule unalipwa kwa mwezi, lakini gharama za familia zinadaiwa kwa mwaka. Pango ni la mwaka. Ada ni ya mwaka. Bima ni ya mwaka, tiketi za likizo ni za mwaka. Ukipima ofa kwa mwezi, utaona chakula, nauli na vocha tu, na hivyo vitatu havijamshinda mtu Dubai.

Kwa hiyo tuchukue karatasi tuandike mwaka.

Nyumba kwanza. Sisi wa Dar tumeshazoea mwenye nyumba anayetaka miezi sita mkononi, kwa hiyo hili halitatushtua sana, ila utaratibu wake mjue. Kule pango hutajwa kwa mwaka: nyumba hii ni elfu sitini na tano, basi, ni kwa mwaka. Mwenye nyumba anataka hundi, na anazitaka zote siku ya kusaini mkataba, zimeandikwa tarehe za mbele: moja, mbili, nne, wengine wanakubali hadi kumi na mbili. Mwenye uwezo wa kutoa hundi moja hupunguziwa. Asiye na uwezo huo huomba nne, na mara nyingi bei inapanda kidogo. Hundi ikirudishwa na benki kwa kukosa fedha si utani. Tangu Januari 2022 sheria imelegezwa, kukosa salio peke yake hakukupeleki jela kama zamani, lakini mwenye hundi anaweza kwenda moja kwa moja kukazia malipo mahakamani, na ukazuiwa kusafiri kwa sababu ya deni. Tena kitabu cha hundi hukipati uwanja wa ndege. Unahitaji akaunti, akaunti inahitaji kitambulisho cha ukaazi, kitambulisho kinahitaji viza ya ukaazi. Wiki za mwanzo utakaa wapi? Ulizeni mwajiri swali hilo kabla ya kusaini.

Juu ya pango kuna vitu vinavyoning'inia. Dhamana ya mwenye nyumba, kwa kawaida asilimia 5 kwa nyumba isiyo na samani. Dalali, kwa kawaida asilimia 5 nyingine. Kusajili mkataba kwenye mfumo unaoitwa Ejari, hapo ni dirham mia mbili na kitu. Amana ya DEWA, shirika la umeme na maji, dirham 2,000 kwa fleti. Halafu kuna tozo ambayo wageni wengi huigundua kwenye bili: manispaa inatoza asilimia 5 ya pango la mwaka, imegawanywa kwa miezi 12 na kuunganishwa na bili ya umeme na maji. Na kiyoyozi. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 40, hakizimwi. Nyumba nyingine pango lake limejumuisha ubaridi, nyingine unalipa mwenyewe kwa kampuni ya kupoza majengo, kwa mita na kwa mkataba wake na amana yake. Fleti mbili za pango sawa zinaweza kupishana maelfu kwa hapo tu. Kwa hiyo ukiuliza bei ya nyumba uliza na kiyoyozi, usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Kuna watakaowaambia, hamia Sharjah au Ajman, pango nafuu. Ni kweli, na wenzetu wengi wanaishi huko. Lakini barabara ya asubuhi kutoka Sharjah kuingia Dubai, anayeijua foleni ya Mbagala ataikuta imehamia huko na magari mazuri zaidi. Metro ya Dubai haifiki Sharjah. Utahitaji gari, na leseni ya Tanzania haibadilishwi kaunta tu, unarudi chuo cha udereva na kulipa maelfu ya dirham. Akiba ya pango inaanza kuliwa hapo. Naipenda Sharjah kwa mtu ambaye kazi yake pia iko Sharjah.

Sasa shule, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ofa nyingi zinapovunjika.

Watoto wa wageni karibu wote husoma shule binafsi. Hakuna kusema "mwaka huu tuwaweke kwanza ya serikali tuone". Shule zimepangwa kwa mitaala: ya Kihindi na ya Kipakistani ndiyo nafuu, ya Kiingereza na ya Kimarekani iko juu, ile ya kimataifa ya IB juu zaidi. Ziko za chini ya dirham 10,000 kwa mwaka kwa mtoto, ziko zinazopita 80,000. Habari njema ni kwamba mamlaka ya elimu ya Dubai, KHDA, inadhibiti ada na kuziweka wazi kwenye tovuti yake, shule kwa shule, darasa kwa darasa, pamoja na ripoti za ukaguzi. Usiku ule usio na usingizi, badala ya kuangalia magari, fungua hapo. Andika ada ya darasa la mwanao, halafu angalia ada ya madarasa mawili mbele yake, kwa sababu inapanda kadiri mtoto anavyokua. Ongeza basi la shule, ni bei ya peke yake. Ongeza sare na vitabu.

Jambo la pili kuhusu shule ni kalenda. Sisi tunaanza mwaka Januari. Shule za mtaala wa Kiingereza na Kimarekani kule zinaanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, za Kihindi zinaanza Aprili. Ukihamisha watoto Januari, unawaingiza katikati ya mwaka, nafasi hazipo kwenye shule nafuu, unaangukia iliyobaki, na iliyobaki mara nyingi ni ghali. Mtu hupanga safari kwa tarehe ya mwajiri. Watoto wapangiwe tarehe ya shule. Na msiache hapa barua ya uhamisho na matokeo yao bila mihuri. Vivyo hivyo cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa: RITA, Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi wa Emarati hapa Dar, kisha wizara yao kule. Bila hivyo viza ya mke au mtoto haisogei.

Haya, ubaoni. Familia ya watu wanne, fleti ya chumba kimoja na sebule, upande usio wa kifahari. Bei hizi ni za makadirio yangu, kila mmoja aweke zake baada ya kuangalia matangazo ya nyumba mtandaoni. Pango 65,000. Shule ya bei nafuu 14,000 kwa mtoto na basi 4,000, mara mbili, 36,000. Bima ya afya ya mwenzi na watoto 4,000. Umeme, maji na ile tozo ya manispaa 10,000. Intaneti na simu 6,000. Chakula na mahitaji ya ndani 2,200 kwa mwezi, mwaka 26,400. Usafiri wa kawaida, metro na basi, 6,000. Tiketi nne za kuja kumwona bibi, 8,000.

Jumla 161,400.

Mshahara wa 12,000 kwa mwaka ni 144,000. Familia imepungukiwa 17,400. Hatujanunua kiti. Hatujatuma hata senti kwa mama kijijini, hatujachangia harusi, hakuna aliyeumwa jino. Hii ndiyo milioni nane.

Naona watu wananong'ona. Subirini, kwa sababu hesabu hiyohiyo inaweza kuwaokoa. Chukua ofa nyingine, dirham 10,000 tu, ila mwajiri analipa ada za watoto wawili na basi lao, bima ya familia na tiketi za mwaka. Toa 36,000, toa 4,000, toa 8,000. Gharama zako zinabaki 113,400, mshahara wa mwaka 120,000. Unabaki na 6,600. Yaani ofa ya 10,000 inakuacha na akiba, ya 12,000 inakuacha na deni, na pengo kati yao ni dirham 24,000 kwa mwaka. Lakini kwenye simu, ya 12,000 ndiyo iliyokunyima usingizi. Ndiyo maana nasema: ukipata nafasi ya kujadiliana, usipoteze nguvu kuomba mia tano juu ya mshahara. Omba ada ya shule. Waajiri wengi, hasa shule zenyewe kwa walimu wake, na kampuni kubwa, wana utaratibu wa kusaidia ada ambao hawautaji usipouliza. Kwa bima, mwajiri analazimika kumkatia mfanyakazi. Mke na watoto, isipokuwa mkataba useme vingine, ni mzigo wako.

Na msidanganywe na masharti ya viza. Serikali ya kule inakuruhusu kuwadhamini mke na watoto ukiwa na mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Ni ruhusa hiyo. Haina maana kwamba 4,000 inawalisha watu wanne.

Sasa rudini kwenye barua ya ofa, msome ndani yake. Ile 12,000 mara nyingi imekatwa vipande: mshahara wa msingi 6,000, posho ya nyumba 4,000, posho ya usafiri 2,000. Vijana huniambia, mzee, si jumla ni ileile? Mwezi wa leo ni ileile. Lakini kule hakuna NSSF kwa mgeni. Unachopata mwishoni ni kiinua mgongo, na sheria yao ya kazi ya 2021 inakihesabu kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, na lazima uwe umemaliza walau mwaka mmoja. Msingi wa 6,000, siku 21 ni dirham 4,200. Kwa shilingi, kama 2,856,000 kwa mwaka mzima. Yule wa milioni tatu hapa nyumbani, NSSF yake ni asilimia 20, laki sita kila mwezi, 7,200,000 kwa mwaka. Hata ukihesabu nusu ya mwajiri tu, 3,600,000, bado anampita mtu wa "milioni nane". Msingi ungeandikwa 9,000 katika jumla ileile, kiinua mgongo kingekuwa 6,300. Ni mstari mmoja kwenye mkataba, na mwajiri anaujua vizuri kuliko wewe. Bima ya kupoteza kazi, ambayo ni ya lazima tangu 2023, nayo inalipa kwa kufuata mshahara wa msingi.

Mengine nitayapita haraka. Gharama za kukuajiri, pamoja na viza yako ya kazi, kwa sheria ya kule ni za mwajiri. Anayekutaka uzilipe, muulize kwa nini. Majaribio ya kazi yanaweza kufika miezi sita, na katika kipindi hicho mnaweza kuachana kwa taarifa fupi, kwa hiyo usiuze gari wala vyombo vya nyumbani kabla hakijaisha. VAT ni asilimia 5, haiumizi. Benki zitakupigia simu kukupa mkopo na kadi kabla hujakariri namba ya nyumba yako. Mkopo wa kule unalipwa na mshahara wa kule, na kazi ikiisha deni haliishi.

Nitajibu maswali mawili niliyopewa kwenye karatasi.

La kwanza linauliza kama Muscat, kule Oman, si nafuu kuliko Dubai. Kwa pango, kwa kawaida ndiyo. Tena kwa Mswahili kuna faida ambayo haimo kwenye jedwali lolote: utakutana na wazee wenye asili ya Zanzibar wanaoongea Kiswahili kuliko wewe, na nyumba utaonyeshwa bila dalali. Mmesikia kwamba Oman inaleta kodi ya mapato. Ni kweli, sheria ilitolewa Juni 2025, itaanza Januari 2028, asilimia 5 kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya dola laki moja. Nadhani humu ndani wengi wetu tutalala salama. Ada ya shule, hata hivyo, iko palepale.

La pili linatoka kwa ndugu ambaye mkewe ni mwalimu hapa. Ofa yake yeye inaanza Februari, anataka waondoke wote.

Ndugu yangu, mshahara wa mkeo ambao atauacha ni gharama ya kuhama kama pango lilivyo gharama. Uandike. Kule anaweza kuajiriwa akiwa kwenye viza yako, mwajiri wake akimchukulia kibali cha kazi, na walimu wanatafutwa. Lakini kipato chake usikiweke kwenye hesabu mpaka mkataba uwe umesainiwa. Halafu angalia kianzio. Kwa nyumba ile ya ubaoni: hundi ya kwanza kati ya nne 16,250, dhamana 3,250, dalali 3,250, DEWA 2,000, Ejari tuseme 200. Muhula wa kwanza wa shule, 9,300. Viza, vipimo na vitambulisho vya watu watatu, tuseme 9,000. Ni 43,250 kabla ya godoro, na mshahara wako wa kwanza utaingia mwisho wa mwezi. Usikope hiyo. Nenda Februari peke yako, kaa kwa kubana, tuseme 4,000 kwa mwezi kwa chumba, chakula na nauli. Mwalimu abaki kazini, watoto wamalize muhula hadi Juni. Kama ofa yako ni ile ya 12,000, unaweka 8,000 kila mwezi. Mwisho wa Julai una 48,000. Kipindi cha majaribio kimekwisha, umeshajua kama kazi ni ya kukaa, umeshaona mitaa kwa macho yako. Wao wanakuja Agosti, kabla shule hazijafunguliwa.